Wiki moja kwa boti kwenye Canal du Midi: anza kwa kuhesabu malango

Wengi wanaopanga safari hii hufungua ramani, wakaona Canal du Midi, mfereji wa kusini mwa Ufaransa, una kilomita 240 kutoka Toulouse hadi kwenye wangwa wa Thau kando ya Mediterania, wakagawanya kwa siku saba na kusema inatosha. Haitoshi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa, na ukweli ni kwamba mtakwenda 6, kwa sababu kila boti iliyofungwa ukingoni na kila daraja linawataka mpunguze hadi mwendo wa mtu anayetembea. Halafu kuna malango.

Lango, au écluse kwa Kifaransa, ni chumba cha mawe chenye milango miwili mizito. Boti inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaingizwa au yanatolewa, boti inapanda au inashuka, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Malango mengine yana chumba kimoja, mengine yana viwili au zaidi vilivyofuatana kama ngazi. Hesabu ya kupangia siku ni hii: kilomita gawanya kwa 6, upate saa, kisha ongeza dakika 20 kwa kila chumba. Tuchukue mfano halisi. Kutoka kijiji cha Homps hadi kulivuka lango la Argens ni kama kilomita sita na nusu tu, lakini njiani kuna Ognon yenye vyumba viwili, Pechlaurier yenye viwili, na Argens yenyewe yenye kimoja. Kwa kilomita hizo ni saa moja na kidogo, na kwa vyumba vitano ni dakika 100. Jumla inakaribia saa tatu, na foleni hatujaitia. Kutoka Argens hadi kijiji cha Le Somail ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo, lakini ni saa mbili na nusu hivi, kwa kuwa hakuna lango hata moja.

Ongeza na mapumziko ya mchana. Katika msimu malango hufunguliwa saa 3 asubuhi, hufungwa mchana kwa takriban saa nzima wahudumu wakale, kisha huendelea hadi jioni. Saa kamili hubadilika kulingana na mwezi, kwa hiyo ichukueni ratiba ya mwaka huo mnapopokea boti. Sikukuu kama Mei 1 malango hayafunguliwi kabisa. Kuendesha usiku kwa boti ya kukodi hakuruhusiwi. Ukijumlisha yote hayo, saa tano za kuendesha kwa siku zinatosha, na nne ni bora.

Kwa anayeanza, sehemu ya kuchagua ni ile inayoitwa Grand Bief, yaani kipande kirefu kisicho na lango. Kinaanzia Argens na kuishia kwenye ngazi ya malango ya Fonserannes, juu ya Béziers, kilomita 54 za maji yaliyolala sawasawa yakipinda kufuata mabega ya vilima vya mizabibu. Mfereji huu ulichimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, aliyefariki miezi michache kabla haujafunguliwa, na hapa mtaona jinsi mafundi wake walivyokwepa kupanda na kushuka kwa kuuzungusha mfereji kila mahali. Kwa mstari ulionyooka ni karibu. Kwa maji ni siku mbili tulivu.

Pa kuanzia ni pawili. Mkiwa na wazee au watoto wadogo, kodini boti inayotoka Le Somail; mnaweza kumaliza wiki nzima bila kugusa lango. Mkiwa watu wazima wenye nguvu, anzeni Homps. Hapo siku ya kwanza mtashuka vyumba vitano, na kushuka ni kwepesi kuliko kupanda, kwa hiyo mtajifunza kwa upole. Kupanda kutawangoja mwisho wa wiki, mkiwa mmeshaizoea boti. Kituo cha treni kilicho karibu na Homps ni Lézignan-Corbières, kama kilomita 10. Teksi iagizwe mapema, maana hazikai kituoni zikisubiri abiria.

Kuhusu majira, mfereji hufungwa wakati wa baridi kwa matengenezo, na boti hukodishwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti joto hupita digrii 35, malango yana foleni, na kivuli si kile cha kwenye picha za zamani: miti ya mikuyu ya Ulaya, takriban 42,000, iliyopangwa kingoni ilianza kuugua ukungu unaoziba mishipa yake ya maji, ugonjwa ulioonekana kwenye mfereji mwaka 2006. Iliyougua hukatwa na kuchomwa, kisha hupandwa aina nyingine. Kwenye baadhi ya vipande mtakwenda juani saa nzima.

Anayesafiri kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya matibabu iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000. Ambatisha mkataba wa boti na ratiba ya vijiji mtakavyolala, maana ofisa aliyezoea kuona jina la hoteli atataka kujua mtalala wapi.

Leseni ya unahodha haitakiwi. Kampuni huwapa mafunzo mafupi na kuwaandikia kibali cha muda kinachohusu boti hiyo na safari hiyo. Katika kuchagua boti, soma hesabu ya vitanda kwa jicho kali. Ikiandikwa 4+2, maana yake watu wanne wanalala vyumbani na wawili wanalala kwenye kochi la sebuleni, ambalo lazima likunjuliwe kila usiku na kukunjwa kila asubuhi kabla watu hawajanywa chai. Nyinyi mkiwa wanne, chukueni 4+2. Mkiwa sita, chukueni inayofuata. Boti fupi, mita 9 hadi 12, inawatosha wengi; ya mita 14 inapendeza kwenye picha, lakini kuigeuza kwenye mfereji kunahitaji mahali maalum palipopanuliwa.

Ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: mafuta yanatozwaje, dhamana ni kiasi gani, na baiskeli zimo? Mara nyingi mafuta huhesabiwa kwa saa za injini, na kuna mita yake karibu na usukani. Saa tano kwa siku kwa siku sita ni saa 30. Zidisha kwa bei ya saa ujue mzigo wako mapema. Dhamana huzuiwa kwenye kadi, na kadi nyingi za malipo ya kawaida zina kikomo kisichoifikia, basi piga simu benki kabla ya safari. Baiskeli mbili ni lazima. Mikate inauzwa kijijini, na kijiji mara nyingi kiko kilomita mbili kutoka majini.

Leteni mizigo kwenye mabegi laini. Sanduku gumu halina pa kuwekwa ndani ya boti. Litakaa juu ya kitanda wiki nzima kama mgeni asiyealikwa.

Siku ya kupokea boti msikubali kuharakishwa. Fundi aonyeshe, na mmoja wenu arudie kwa mkono wake: kuwasha na kuzima injini, kufunga gesi, kujaza maji, kubadilisha betri, choo. Ulizeni kama kuna mahali pa kukaza grisi kwenye mhimili wa rafadha, yaani panga linalozunguka majini kuisukuma boti. Boti nyingi zina kikombe kinachozungushwa kila siku baada ya kuzima injini hadi kiwe kigumu, na kikisahauliwa maji huanza kudondoka ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Hesabuni vifaa: kamba mbili ndefu zisizochanika, vigingi viwili vya chuma, nyundo, ndoano ya mti mrefu, ubao wa kushukia, na dapra (maboya ya kuzuia boti isigonge ukuta) pande zote mbili. Wavisheni watoto na wasiojua kuogelea makoti ya kuokolea na mhakikishe yamewakaa. Piga picha kila mkwaruzo ulio kwenye bodi kabla ya kusaini.

Sasa usukani. Anayejua gari atakosea kwa saa nzima ya kwanza, na sababu ni moja: gari hugeuka kwa mbele, boti hugeuka kwa kuzunguka tumboni mwake. Ukizungusha usukani kulia, omo, yaani mbele ya boti, huenda kulia na tezi, yaani nyuma yake, hutupwa kushoto. Ndiyo maana watu wanaoondoka gatini kwa kukata kona kama gari hugonga gati kwa nyuma. Ondoka kwa kuisukuma omo nje kwa mguu au ndoano, au rudi nyuma kidogo kwanza, kisha nenda mbele pole pole.

Jambo la pili: usukani hufanya kazi pale tu rafadha inaposukuma maji. Ukiweka gia katikati, boti inateleza na haisikii. Anayeanza akiona daraja jembamba huogopa, huondoa gia, na hapo ndipo hugonga. Punguza mwendo mapema, kisha ingia darajani gia ikiwa ndani, injini ikinguruma kidogo tu. Jambo la tatu: breki ni gia ya nyuma, na boti yenye tani kadhaa haisimami papo hapo. Pita katikati kwanza, hesabu mbili, ndipo uweke nyuma. Kuruka moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma kunaua sanduku la gia. Ukiwa unarudi nyuma, usukani hauna maana kubwa. Tezi huvutwa upande mmoja kutokana na mzunguko wa rafadha. Jaribu mara moja mahali peupe ujue boti yako inavutwa wapi, halafu tumia tabia hiyo kujisogeza gatini.

Zungusha usukani kidogo, subiri, kisha urudishe kabla omo haijafika unapotaka. Asiyesubiri huenda nyokanyoka mfereji mzima, kingo hadi kingo, na wanaokuja mbele hucheka au hulaani.

Upepo nao. Bonde la mto Aude lina upepo wa kaskazini-magharibi unaoitwa Cers, na ukivuma boti za kukodi, ambazo ni ndefu juu na zimezama kidogo tu, husukumwa kama kopo tupu. Siku ya Cers endesha omo ikiwa imeelekezwa kidogo kule upepo unakotoka, na funga boti kwa kuanza na kamba ya upande huo. Ukivuma sana, bakini mlipo. Hamjapoteza chochote.

Langoni ndipo urafiki hupimwa, kwa hiyo gawaneni kazi kabla hamjafika: mmoja usukani, mmoja kamba ya omo, mmoja ya tezi. Taa nyekundu maana yake ngoja, kijani, ingia. Katika kupanda, mshusheni mtu mmoja kwenye gati dogo kabla ya lango, atembee hadi juu, maana ukiwa ndani ya chumba ukuta ni mrefu na una ute, na hakuna wa kuupanda. Yeye hudaka kamba, huizungusha kwenye kisiki cha chuma na kuirudisha botini. Kamba ya omo ielekee mbele kidogo, ya tezi nyuma kidogo. Hakuna fundo hata moja. Walioko botini hushika ncha na kuvuta kadiri boti inavyopanda. Maji huingia kwa nguvu kutoka mlango wa mbele, huisukuma boti nyuma kisha huivuta mbele, na kamba ya omo iliyolegea ndiyo husababisha boti kugeuka na kulala kimshazari chumbani.

Malango ya mfereji huu yana kuta zilizopinda, chumba kikiwa na umbo la yai. Wajenzi walifanya hivyo ili ukuta uzuie msukumo wa udongo kama tao la daraja. Kwa msafiri maana yake ni kwamba boti yako iliyonyooka haitaulalia ukuta wote. Dapra za katikati zitaning'inia bure na za pembe zitafanya kazi. Zisogezeni huko kabla ya kuingia. Na msishangae mkipangwa boti tatu pamoja, hiyo ndiyo kawaida, na mhudumu ndiye anayeamua nani akae wapi.

Kushuka ni shwari lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kamba iliyofungwa fundo au iliyonasa: maji yanaondoka, boti inabaki imetundikwa kwa upande mmoja, na vyombo vyote vinamwagika. Kila mshika kamba alegeze taratibu, na kisu kikali kiwe karibu. Ya pili ni kizingiti cha mawe kilichojificha chini ya mlango wa nyuma. Tezi ikikaa juu yake, maji yakishuka, usukani na rafadha hubaki juu na omo inazama. Sogeeni mbele vya kutosha, mbali na mlango wa nyuma, na mmoja aangalie tezi tangu mwanzo hadi mwisho. Kikitokea chochote pigeni kelele kwa mhudumu. Hufunga maji mara moja. Mikono na miguu isikae kamwe kati ya boti na ukuta.

Kulala ni popote ukingoni penye kina, isipokuwa karibu na malango, chini ya madaraja na kwenye kona. Usifunge kamba kwenye mti. Ni marufuku, na sababu zipo: kamba huchubua gome na ule ukungu huingilia kwenye jeraha, tena kamba iliyokatiza njia ya kando ni mtego kwa waendesha baiskeli. Pigilia vigingi, kimoja mbele ya omo na kimoja nyuma ya tezi, vikiwa vimeinamia upande ulio mbali na boti, kwenye nyasi zilizo kati ya maji na njia. Vika kichwa cha kila kigingi mfuko mweupe ili kionekane gizani. Kamba ikiwa imenyooka moja kwa moja kwenda ukingoni, boti inayopita itakuvuta mbele na nyuma hadi vigingi ving'oke. Ziache ziwe na mshazari.

Kingo zina matope. Mkikwama, msiongeze moto kwenda mbele, mtajichimbia. Watu wote wahamie upande wa maji mengi, gia ya nyuma kidogo, na mmoja asukume omo kwa ndoano kama anavyosukuma pondo. Injini ikipanda joto, zimeni. Mara nyingi ni majani au mfuko wa plastiki kwenye chujio la maji ya kupozea, au uliojiviringisha kwenye rafadha. Ufunguo utoke kabla ya mtu yeyote kugusa huko chini. Msipoelewa, pigieni simu kampuni. Fundi kuja ni sehemu ya mlicholipia.

Betri hujazwa injini ikitembea. Kikaushio cha nywele na birika la umeme vinazimaliza jioni moja, kwa hiyo chai ni ya gesi. Maji jazeni kila siku mbili, kila mkiona bomba lililoandikwa eau potable (maji ya kunywa), bila kusubiri tanki likauke. Chooni hakiingii kitu ambacho hakijaliwa kwanza, zaidi ya karatasi kidogo. Kitambaa kimoja cha kufutia watoto kinaziba pampu, na kuizibua ni kazi ya nahodha.

Unga wa ugali na viungo vyenu nunueni mjini kabla ya kupanda, vijijini msivitegemee. Jumanne asubuhi kuna soko Olonzac, kilomita chache kutoka Homps kwa baiskeli: zeituni, jibini, nyanya zenye ladha. Maduka mengi ya vijiji hufungwa mchana mrefu, na Jumapili jioni na Jumatatu yanaweza kuwa yamefungwa kabisa.

Karibu na Paraza mtapita juu ya mto Répudre, boti ikielea kwenye daraja la mawe lililojengwa 1676, bila kuhisi chochote hadi mchungulie pembeni. Capestang kuna daraja la tao lenye mita 3.30 tu katikati na pungufu pembeni. Shusheni mwavuli, lazeni baiskeli, wote wakae chini, na nahodha apite katikati kabisa. Mbele ya Poilhes lipo handaki la Malpas, la 1679, lisilofika mita 200. Boti mbili hazipishani humo. Washa taa, chungulia, piga honi ndefu, ingia. Juu yake kuna kilima cha Ensérune, na kutoka hapo mtaona bonde la Montady, ziwa lililokaushwa enzi za kati, mashamba yake yamegawanyika kama vipande vya chungwa.

Boti iacheni Colombiers. Fonserannes nendeni kwa baiskeli, kama kilomita tano. Ngazi ile inateremka mita 21.5, boti hupitishwa kwa makundi, wa kushuka kwa zamu yao na wa kupanda kwa yao, na anayeanza hana haja ya kuliwa nusu siku na foleni. Kaeni juu ya ukuta mtazame jinsi wengine wanavyoshika kamba zao.

Kisha geuzeni. Waliotoka Homps wazingatie hesabu hii ya mwisho: boti kwa kawaida hurudishwa Jumamosi saa 3 asubuhi, na malango nayo hufunguliwa saa 3. Atakayelala Ijumaa chini ya Argens hawezi kufika kwa wakati. Ijumaa saa 8 mchana muwe mmeshafika Argens, mpande vyumba vitano bila pupa, mlale Homps, na usiku huohuo mfagie sebule na kufungasha mabegi.